Kina Mama Walioketi

Nyanya yangu amewahi kumchezea Rais. Si mara moja wala mbili. Sisi ni watu wa Nakuru, na Rais Daniel arap Moi alikuwa na nyumba yake Kabarak, mwendo mfupi kutoka mjini ukishika barabara ya Eldama Ravine. Kila msafara wake ulipotarajiwa kupita, chifu alituma neno jioni, neno likafika sokoni kabla ya giza, na asubuhi yake wanawake wa mboga, wa viazi na wa samaki walifunga vibanda, wakavaa sare, wakajipanga kando ya lami kuimba. Wakati mwingine msafara ulipita saa tatu. Wakati mwingine ulipita saa kumi. Wakati mwingine haukupita kabisa, na kina mama wakarudi nyumbani na vumbi lao.

Ninayasimulia haya mimi mjukuu niliyezaliwa karne ikiwa imeshageuka, mwenye cheti cha kidato cha nne na madaftari matatu ya riwaya isiyokwisha. Riwaya yenyewe inamhusu mama mmoja mchuuzi wakati wa chama kimoja. Nilipoianza nilikuwa na hakika ya jambo moja: kwamba zamani wanawake wa Kenya walikuwa wamefungiwa jikoni, kisha demokrasia ikaja, ikafungua mlango, nao wakatoka nje. Hivyo ndivyo nilivyoandika katika insha shuleni na mwalimu akanipa alama nzuri. Basi nikaenda kwa nyanya kutafuta mambo madogo madogo ya kupambia riwaya, bei ya unga na rangi za leso, nikarudi nimevurugikiwa.

"Jikoni?" aliniuliza. "Nani alikuwa jikoni? Mimi nilikuwa barabarani kila mara."

Naam, ndugu msomaji, hapo ndipo nilipogundua kwamba insha yangu ilikuwa ya uongo. Chama kimoja hakikuwaficha wanawake. Kiliwatoa hadharani, tena kwa wingi, kikawavisha sare na kuwapa nyimbo. Hakuna mkutano wa hadhara wa miaka ile usiokuwa na kina mama mbele, wakitikisa mabega, huku wazee wa chama wameketi kwenye viti vyao chini ya hema. Kwa hiyo swali la historia si lini mwanamke alitoka nyumbani. Swali ni alipofika uwanjani alikuwa akifanya nini, na nani aliyemwambia akifanye.

Turudi nyuma kidogo. Kwa vitendo Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja tangu 1969, KPU ya Oginga Odinga ilipopigwa marufuku. Kwa sheria ilikuwa hivyo tangu Juni 1982, Bunge lilipotia katika katiba kifungu cha 2A kilichosema kwamba chama ni KANU peke yake. Chama hicho kilitaka kushika kila kitu: vyama vya wafanyakazi, vyama vya ushirika, na wanawake pia. Chombo kilichokuwa karibu kilikuwa ni Maendeleo ya Wanawake, shirika lililoanzishwa 1952, enzi za mkoloni, kuwafunza kina mama usafi, ushonaji na malezi. Mwaka 1987 lilifungwa nira moja na chama likaitwa KANU-Maendeleo ya Wanawake. Tangu hapo mwenyekiti wa kikundi cha kusuka vikapu alikuwa pia mtu wa chama, apende asipende.

Nilimuuliza nyanya kama hakuona aibu. Nilikuwa nimejiandaa kumsikitikia. Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayebonyeza nyanya zote kisha asinunue hata moja.

"Ninyi watoto mnadhani tulikuwa wajinga," alisema. "Siku hizo ukitaka kukutana watu kumi mnatakiwa kuwa na kibali. Lakini mkisema mnafanya mazoezi ya wimbo wa kumpokea Rais, nani atawauliza? Tulikuwa tukiimba dakika kumi na kuzungumza saa mbili."

Walizungumza nini? Chama cha kuchangiana. Mama fulani aliyepigwa na mumewe. Mtoto wa nani amekosa karo. Askari wa baraza la mji anayechukua mboga bila kulipa. Kikundi kilichowachezesha ngoma kando ya barabara ndicho kilichomzika babu yangu mdogo na ndicho kilichomnunulia nyanya mabati ya kwanza. Sitaki kumpamba mtu. Nyanya mwenyewe anakubali kwamba sukari waliyogawiwa baada ya kucheza ilikuwa tamu, na kwamba bila kadi ya KANU vijana wa chama wangeweza kukusumbua mpaka ushindwe kuuza. Hofu ilikuwapo, tena kubwa. Ninachosema ni kwamba ndani ya ngoma ile ya kulazimishwa kulikuwa na kikao ambacho serikali haikukiona. Nadhani ndiyo sababu, siku mambo yalipobadilika, wanawake hawakuwa wageni wa kukutana.

Wapo waliokataa kucheza, na hao tusiwasahau. Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu 1965, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge 1969, karibu miaka sita baada ya uhuru. Chelagat Mutai aliingia Bungeni 1974 kutoka Eldoret Kaskazini akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, yaani rika langu. Mimi nina madaftari matatu. Yeye alikuwa na jimbo zima. Mwaka 1976 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu kwa madai ya kuwachochea wananchi. Alipotoka hakutulia, na 1981 alikimbilia Tanzania. Wakati ule kulikuwa na kundi la wabunge wakaidi walioipinga serikali kutoka ndani ya Bunge, naye Chelagat alikuwa mwenzao. Charles Njonjo aliwapa jina la "dada saba wenye ndevu". Sikiliza vizuri tusi hilo. Wanaume walipotaka kuwadhalilisha wanaume wenzao wasiotii, waliwaita dada. Chelagat alifariki 2013, na watoto wengi niliosoma nao hawajawahi kusikia jina lake.

Halafu kuna Wangari Maathai, ambaye huyo kila mtu anamjua, ingawa tunamjua kwa picha ya uzeeni, amevaa kitambaa chake kichwani na tuzo ya Nobel mkononi. Enzi za chama kimoja hakuwa mama wa taifa. Alikuwa mwanamke aliyeachika, ambaye mumewe wa zamani alimtaka aache kutumia jina lake, naye akaliongeza herufi "a" moja likawa lake mwenyewe. Mwaka 1977 alikuwa ameanzisha harakati ya Green Belt, kina mama wa vijijini wakaotesha miche na kuipanda. Miche haitishi serikali. Mwaka 1989, hata hivyo, aliandika barua kupinga jengo la ghorofa 60 ambalo chama kilitaka kulijenga ndani ya Uhuru Park, bustani ya watu wa Nairobi. Wabunge walimcheka Bungeni, wakataja talaka yake. Rais naye akasema hadharani kwamba kwa mila za Kiafrika mwanamke anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt ilifukuzwa katika ofisi zake, akahamishia kazi nyumbani kwake. Lakini ghorofa lile halikujengwa. Ukienda Uhuru Park leo utaona anga.

Mwaka uliotangulia, 1988, kulikuwa na uchaguzi ambao nyanya anaukumbuka kuliko ngoma zote. Ni ule wa mlolongo. Katika mchujo wa chama hakukuwa na karatasi wala sanduku. Mpiga kura alisimama kwenye foleni nyuma ya mgombea au picha yake, na watu wakahesabiwa kama ng'ombe wa mnada. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alikuwa amepita, basi, hana haja ya duru ya pili. Vitabu vinaeleza vizuri wizi uliofanyika: foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu, na ndefu zikatangazwa kuwa fupi. Ila sijaona kitabu kinachoeleza kwa kituo maana ya mlolongo kwa mwanamke aliyeolewa.

Fikiria. Uwanja wa shule, jua kali. Hapa foleni, pale foleni. Mumeo yuko hapa. Chifu amesimama katikati. Mwenye nyumba uliyopanga yuko kule. Vijana wa chama wanatembea na virungu. Na wewe una mtoto mgongoni, unatakiwa uende ukasimame, mchana kweupe, nyuma ya mtu unayemtaka.

"Nilisimama nyuma ya babu yako," nyanya alisema. "Yeye naye alisimama nyuma ya chifu."

Desemba 1991, baada ya maandamano ya Saba Saba ya 1990, baada ya watu kuuawa na wengine kutiwa kizuizini, baada ya nchi wafadhili kufunga mifuko yao, kifungu cha 2A kilifutwa. Vyama vingi vikaruhusiwa. FORD ilikuwa imeshatangazwa Agosti mwaka huo na waasisi sita: Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Salim Bamahriz. Wazee wenye ujasiri, sina neno la kuwatoa thamani. Wote sita ni wanaume. Ni kana kwamba nchi nzima ilikuwa ikihama nyumba na wanawake wataletwa baadaye pamoja na sufuria. Wanawake wenyewe hawakungoja kubebwa. Februari 1992 walifanya kongamano lao la taifa jijini Nairobi kuzungumza wanataka nini kutoka kwa demokrasia hii mpya, na mwezi uo huo likatokea jambo ambalo nalihesabu kuwa ndilo kitovu cha habari hii yote.

Ijumaa tarehe 28 Februari 1992, kikundi cha kina mama wazee, wengi wao kutoka vijijini, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu wakiwa na maombi yao. Watoto wao walikuwa gerezani kwa makosa ya kisiasa. Hoja yao ilikuwa nyepesi, na mpaka leo sijasikia wakili aliyeipangua: wana wetu walifungwa kwa kudai vyama vingi, sasa vyama vingi mmeviruhusu, kwa nini wana wetu wangali ndani? Walitaja wafungwa 52. Kisha wakaenda Uhuru Park, kwenye kona inayoelekeana na barabara kubwa, wakatandika mikeka na blanketi, wakasema hawali mpaka watoto wafunguliwe. Wakaketi.

Ninakaa na neno hilo, kuketi. Kwa miaka kumi na zaidi mwanamke wa hadharani alikuwa mwanamke aliyesimama: anacheza, anapiga makofi, yuko kwenye mlolongo. Viti vilikuwa vya wazee chini ya hema. Na sasa hawa hapa, wamekaa chini kwenye nyasi za serikali, hawaimbi wimbo wa kumsifu mtu, hawana sare, hawakuitwa na chifu. Miongoni mwao alikuwa Monica Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere. Wangari Maathai aliketi nao. Usiku walilala pale pale.

Watu wakaanza kuja. Kwanza wachache, kisha mamia. Wanaume waliokuwa wameteswa chini ya ardhi katika Nyayo House, na ambao hawakuwa wamethubutu kuwaambia hata wake zao, walisimama mbele ya kina mama wale wakasimulia walivyopigwa na kulazwa majini. Hebu litazame hilo kwa jicho la mwandishi wa riwaya. Hakuna mahakama iliyowahi kuwasikiliza, hakuna gazeti lililothubutu, ila kikongwe amekaa mkekani na njaa yake, anatikisa kichwa, na lijamaa lizima linalia mbele yake. Kona ile ikapata jina la Freedom Corner, na ndivyo inavyoitwa hadi leo.

Jumanne tarehe 3 Machi polisi walikuja na gesi ya machozi na virungu. Wangari alipigwa akazirai, akapelekwa hospitali. Kina mama walivutwa, hema likaangushwa. Ndipo baadhi yao wakafanya kitu ambacho picha zake zimezunguka dunia: walivua nguo zao mbele ya askari.

Wapo wanaodhani ile ilikuwa hasira tu au wazimu wa uzee. Hapana. Katika jamii zetu nyingi, mama wa umri wa kukuzaa akikuonyesha uchi wake kwa makusudi, amekulaani. Amekwambia kwamba tumbo hili lililokuleta linakukana. Ni silaha ya mwisho. Na ilikuwa imeshatumika Nairobi. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulipokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe, na wanaume wakataka kurudi nyumbani, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake akawaambia wampe suruali zao avae yeye. Alipigwa risasi akafa siku hiyo. Kati ya Nyanjiru na kina mama wa Freedom Corner kuna miaka sabini kasoro siku chache. Ila yeye aliwalaani wanaume walioogopa, na hawa waliwalaani wanaume waliotii amri. Inasimuliwa kwamba askari waligeuza nyuso.

Hawakwenda nyumbani. Walirejea, wakakimbilia All Saints Cathedral iliyo ng'ambo ya barabara, wakakaa chini ya kanisa karibu mwaka mzima, huku polisi wakiwazingira mara kwa mara. Wafungwa wakaanza kutolewa, kundi moja katikati ya 1992, wengine mwanzoni mwa 1993, Koigi akiwa miongoni mwa hao wa mwisho. Mimi huwa sielewi kwa nini katika vitabu vya shule tunapewa aya tatu za mikutano ya wazee wa FORD na sentensi moja ya kina mama hawa, wakati wao ndio waliopata walichokuja kukitaka. Wazee waligawanyika kabla ya uchaguzi, FORD ikapasuka mbili, na Moi akashinda na kura zisizofika hata asilimia 40. Kina mama hawakupasuka.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Desemba 1992, kwa kura ya siri. Wanawake sita walichaguliwa katika Bunge la viti 188: Phoebe Asiyo, Martha Karua, Agnes Ndetei, Charity Ngilu, Nyiva Mwendwa na Mary Wanjiru. Sita ni wachache, najua, lakini haijawahi kuwa hivyo kabla. Karua alikuwa wakili aliyewatetea washtakiwa wa kisiasa. Ngilu husimulia kwamba alikuwa jikoni akiosha vyombo, wanawake wa Kitui wakaja wanaimba, wakamwambia agombee. (Kwa hiyo jikoni kulikuwa na mtu mmoja, nilimwambia nyanya. Akasema hata huyo alifuatwa na kina mama waliotoka nje.) Angalia lakini kwamba walikuja wakiimba. Wimbo ni ule ule na mabega ni yale yale. Aliyeimbiwa ndiye aliyebadilika.

Si kila mwanamke aliyeonja uhuru huo. Huku kwetu Bonde la Ufa, mapigano ya kikabila yalikuwa yamezuka tangu mwisho wa 1991, nyumba zikachomwa, watu wakalala makanisani. Mama aliyekimbia usiku na watoto hakubeba kitambulisho. Vyama vingi kwake vilimaanisha moto. Haya yakajirudia, kwa ukatili mkubwa zaidi, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na wanawake wakabebeshwa aina ya mateso ambayo mwanamume huwa hayataji. Anayetaka kuandika kwamba demokrasia iliwakomboa wanawake wa Kenya sharti aandike na hili kwenye ukurasa uo huo.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka, maana magazeti yameieleza. Nyiva Mwendwa akawa waziri mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri, 1995. Phoebe Asiyo alipeleka hoja Bungeni 1997 ili wanawake watengewe nafasi, ikaangushwa. Mwaka huo huo Ngilu na Maathai waligombea urais, na watu wakaambiwa ni "masaa ya Ngilu". Ngilu alitoka wa tano na Maathai akapata kura chache mno. Mwaka 2002 KANU ikashindwa baada ya miaka karibu arobaini. Ngilu na Karua wakawa mawaziri, naye Maathai akachaguliwa Tetu kwa asilimia 98 ya kura. Yule aliyeambiwa anyamaze akawa naibu waziri wa mazingira, na 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Nobel ya amani.

Halafu ikaja katiba ya 2010. Kwa mara ya kwanza mama Mkenya aliweza kumpa mtoto wake uraia sawasawa na baba, popote mtoto alipozaliwa. Kila kaunti kati ya 47 ilipewa mwakilishi wake mwanamke Bungeni, mama kaunti kama tunavyomwita mtaani. Na ikaandikwa kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa, jinsia moja isizidi theluthi mbili ya watu. Theluthi mbili tu! Hata nusu haikuombwa.

Mabunge ya kaunti yalitimiza, kwa kuwateua wanawake wa kujazia. Bunge la Taifa halikutimiza. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilisema jambo hili litekelezwe hatua kwa hatua, sheria ipatikane kabla ya tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe ikapita. Mwaka 2013 hakuna hata mwanamke mmoja aliyechaguliwa gavana au seneta, na katika maeneo bunge 290 walishinda 16. Mswada ukaletwa, ukarudishwa, ukaletwa tena. Februari 2019 uliletwa kupigiwa kura, na kwa kuwa ulikuwa wa kubadilisha katiba ulihitaji wabunge 233. Waliokuwapo ukumbini walikuwa 174.

Nilipoisoma takwimu hiyo niliifunga simu. Kwani mswada haukupingwa kwa hoja. Hakuna aliyesimama akaueleza ubaya wake ukamshinda mwenzake. Ulikufa kwa sababu watu hawakuja kuketi. Vikongwe walikaa kwenye nyasi na njaa, wakakaa chini ya kanisa karibu mwaka. Waheshimiwa wenye viti vya ngozi, na chai inaletwa, walishindwa kukaa alasiri moja. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kosa hilo. Halikuvunjwa.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Mwaka 2017 walipatikana magavana wanawake watatu, akiwamo Ngilu yule yule wa vyombo. Mwaka 2022 wakawa saba, kutoka Homa Bay hadi Kwale kwa Fatuma Achani. Tangu 2021 Jaji Mkuu ni Martha Koome. Wasichana wa rika langu walipoingia barabarani Juni 2024 kuupinga mswada wa fedha, hakuna aliyewaita na hakuna aliyewashonea sare. Lakini nenda kwenye mkutano wowote wa kampeni siku hizi utazame mbele: kina mama wamevaa fulana na leso za rangi ya mgombea, wanatikisa mabega, na mwisho wa mkutano wanasubiri mtu wa mifuko. Nyanya hutazama mambo hayo kwenye runinga na kusema waimbaji wa sasa hawana sauti.

Nilimuuliza kitu kimoja cha mwisho, kwa ajili ya riwaya. Nilitaka kujua siku ile ya 1992 ilikuwaje. Akasema alipanga foleni tangu alfajiri, akachovya kidole wino, akapewa karatasi, akaelekezwa nyuma ya kipande cha kitambaa. Akaingia. Babu alikuwa nje. Chifu alikuwa nje. Akasema alisimama mle muda mrefu mpaka karani akakohoa, si kwa kuwa hakujua pa kuweka alama. Alikuwa hajawahi kuwa mahali pa serikali ambapo hakuna anayemwona.

Jioni ile babu alimuuliza amempa nani, akamjibu kwamba chumvi imekwisha.

"Na ulimpa nani, nyanya?"

Zaidi ya miaka thelathini imepita. Babu amelala kaburini, Moi naye amefariki tangu 2020, hakuna wa kumdhuru. Alinitazama, akacheka mpaka akakohoa, akaniambia niende nikatazame maharagwe yasiungue.